Dakika Nne za Fungu Tasa

Mchezo usiopigiwa filimbi haujaisha.

Mmenisikia nikisema hivyo mlipoingia barazani kwangu mmeloa, mnagombana kama kuku wa banda moja, na sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi. Vuteni huo mkeka huku ndani, usipigwe na manyunyu. Methali hii haikuletwa na upepo. Ilianzia hapahapa kisiwani Taa, katika nyumba ya mama yangu, na mimi nilikuwepo ilipoanza.

Ilianza siku alipokuja mgeni asiyetarajiwa.

Alishuka kutoka kwenye boti iliyoleta mafuta ya taa, kijana mwembamba, kiatu kimoja mguuni na kingine kimebaki kwenye matope ya bandarini. Jina lake Novatus, mtu wa bara, ametoka chuo mwaka uleule. Halmashauri ilikuwa imemwajiri awe bwana michezo, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzunguka visiwa vidogo na kuandika watu wake wanacheza nini: mpira, bao, nage, resi za ngalawa, chochote. Kisiwa kitakachoonyesha kiwanja kitaletewa mipira na jezi. Sheha akampa kiti, akampa dafu, kisha akamwambia kwamba hapa hatuchezi.

Novatus alidhani anataniwa. Lakini alikuwa amepita mtaani na hakuona mtoto na mpira wa makaratasi, wala bao barazani, wala kamba ya kuruka. Watu walikuwa wamekaa tu, mikono mapajani, kama abiria. Akafungua daftari, akalifunga tena. Ndipo akauliza, kwa upole, mbona asubuhi ile boti yao ilipopita karibu na fungu moja la mchanga alimwona mtu akicheza.

Baraza zima likamgeukia. Shaame Khatibu, mvuvi aliyekuwa akisuka dema la kutegea samaki, aliuweka chini ufito.

"Ulimwona akifanya nini?" akauliza.

"Alikuwa peke yake," Novatus akasema. "Anakimbia pembezoni mwa maji, anasimama, anageuka kutazama katikati ya fungu. Kama anayemngoja mtu amruhusu."

Mama yangu, Bi Mize, alikuwa anapita na ndoo ya maji. Aliitua. Alimtazama Shaame tu, na Shaame akaugusa ushanga mweusi uliokuwa shingoni mwake, ambao sote tulijua unaning'iniza nini chini ya shati.

Sasa lazima niwarudishe nyuma miaka kumi na moja kabla ya siku ile.

Mnajua kisiwa chetu ni mawe matupu. Ukipiga mpira hapa, utaufuata shimoni. Mahali pekee palipo sawa ni Fungu Tasa, na fungu hilo hutoka baharini siku za bamvua tu, maji yanapokupwa sana, kwa muda wa saa mbili au tatu asubuhi. Wazee wetu walilifanya kiwanja. Kila bamvua watu wa Kichwani na watu wa Mkiani, ncha mbili za kisiwa, walikwenda na mitumbwi yao, wakachimbia boriti za mikoko ziwe magoli, wakachora mistari kwa visigino, wakacheza mpaka bahari ilipodai mahali pake. Wanawake tulikaa mitumbwini tukishangilia na kutukanana. Watu wa Kichwani walikuwa wakituimbia kwamba mkia kazi yake ni kufukuza nzi. Sisi tuliwajibu kwamba kichwa cha samaki taa hutupwa, mkia ndio wenye mwiba.

Kaka yangu Makungu alikuwa winga wa Mkiani. Refa alikuwa Shaame, kwa sababu mama yake wa Kichwani na baba yake wa Mkiani, kwa hiyo alilaumiwa sawasawa na pande zote.

Siku ninayoisema ilikuwa mbili kwa mbili, zimebaki dakika nne. Beki wa Kichwani aliubutua mpira ukaangukia baharini, upande wa mkondo. Kisiwa kizima kilikuwa na mpira huo mmoja. Makungu ndiye aliyepaswa kuurusha, akavua fulana, akamgeukia Shaame.

"Refa, usipige filimbi mpaka niurudishe."

"Sipigi," Shaame akasema. "Nenda urudi."

Alikuwa muogeleaji mzuri. Tulimwona akiufikia mpira, tukamwona akiuinua juu kwa mkono mmoja ili tuone. Kisha mkondo ukampitisha nyuma ya mwamba, na upande wa pili hakutokea. Mitumbwi ilizunguka mpaka jua likazama. Hatukumpata yeye, wala mpira.

Shaame alikuja nyumbani na filimbi ikiwa bado mdomoni, kama mtu aliyesahau jinsi ya kuitoa. Mama alimuuliza jambo moja tu: je, umeipiga? Shaame akatikisa kichwa. Mama akasema kwamba, kama ni hivyo, mwanawe bado yumo mchezoni, na hakuna atakayemwekea matanga mtu aliye mchezoni. Tukadhani ni uchungu, utapita. Haukupita. Kila Alhamisi Mama alifua kanzu ya Makungu ya sala ya Ijumaa, akaianika, akaikunja.

Na mambo mengine yakaanza. Bamvua lililofuata, fungu lilipotoka, mistari ya kiwanja ilikuwepo. Bahari hufuta kila kitu, wanangu, hufuta hata majina ya watu, lakini ile mistari ya visigino ilikuwa imeingia mchangani kama imechorwa asubuhi ileile. Boriti zilikuwa wima. Hapa kisiwani napo, mtoto akipiga mpira wa makaratasi, mpira uliviringika kuelekea baharini, hata kama huko ni kupanda mlima. Kete za bao zilikutwa ufukweni. Watoto wakaogopa, wakubwa nao wakachoka kuwadanganya. Hivyo ndivyo kisiwa kilivyoacha kucheza. Hakuna aliyekataza.

Haya yote Shaame alimweleza Novatus mbele yetu, pole pole, akiendelea kusuka. Kijana hakucheka. Nilimpenda kwa hilo. Aliuliza tu zilikuwa zimebaki dakika ngapi, akaambiwa nne. Akasema, kwa aibu kidogo kama mtu anayesema mbele ya wakwe, kwamba kule chuoni walifundishwa kuwa mechi iliyokatizwa humaliziwa.

Pale palizuka ubishi. Wengine walisema Shaame aipige ile filimbi ya shingoni hapohapo barazani yaishe. Wengine wakasema aitupe kisimani. Shaame akangoja wamalize.

"Nilimwambia sipigi mpaka arudi," akasema. "Nikipiga nikiwa nimekaa hapa, nitakuwa nimempigia nani?"

Ndipo Mama akazungumza.

"Nimechoka kufua kanzu isiyochafuka. Nendeni mkamalize. Lakini wewe Shaame, usimpunje mwanangu hata dakika moja."

"Simpunji, Bi Mize."

Ilikuwa ahadi ndogo, ya mtu na jirani yake. Ishikeni hiyo.

Tulingoja bamvua. Asubuhi ile ilikuwa tulivu kupita kiasi, hakuna upepo, maji yamelala kama mafuta. Waliocheza zamani na waliokuwa bado hai walifika wote, kumi na saba. Walikuwa na vitambi na mvi, mmoja anatembelea fimbo, lakini kila mtu alikwenda kusimama pale alipokuwa amesimama siku ile, na hakuna aliyehitaji kuonyeshwa. Nyayo zao zilipokanyaga ndani ya mistari hazikutoa sauti. Mimi na Mama na Novatus tulibaki mtumbwini. Shaame alikuja peke yake na mtumbwi wake, akaufunga kwenye boriti ya goli.

Huo mtumbwi niuseme. Alikuwa ameumaliza mwaka ule, baada ya kuuchonga misimu miwili kutoka kwenye gogo la mwembe aliloachiwa na baba yake. Hakuwa na shamba wala ng'ombe. Alikuwa na huo.

Novatus alitaka kuwapa mpira mpya aliouleta. Shaame akaukataa kwa mkono. Mchezo ulisimama kwa mpira ule, akasema, utaanza kwa mpira ule.

Basi wakasimama. Watu wazima kumi na saba na refa, juu ya mchanga katikati ya bahari, bila mpira, wanatazama mkondo. Saa moja ikapita hivyo. Maji yakaanza kujaa, yakalamba mstari wa pembeni, yakapanda vifundoni. Mtu wa kwanza aliondoka akisoma dua chini chini. Wengine wakafuata, wakaingia mitumbwini, na Shaame hakumzuia hata mmoja. Mwishowe alibaki yeye, maji chini kidogo ya magoti, na mistari bado inaonekana chini ya maji, myeupe.

Ndipo Mama akanishika mkono.

Mpira ulikuwa unakuja. Ulikuja kinyume cha mkondo, taratibu, umeota ukoka wa baharini na vichaza, mweusi kama kichwa cha mtu. Nyuma yake maji yalikuwa yanagawanyika mara mbili mbili, kushoto, kulia, kama yanavyogawanyika mtu anapotembea ndani yake. Hapakuwa na mtu. Ukafika kwenye mstari, ukatulia.

"Umerudi," Shaame akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anampokea mtu aliyetoka dukani. Akainua mkono kuonyesha upande wa kurusha. "Haya. Zimebaki nne."

Mpira ukainuka.

Niliyoyaona nayasema kama nilivyoyaona. Mpira ulianguka uwanjani, ukapita upande wa winga, maji yakiruka mbele yake na nyuma yake, na katika ukimya ule tulisikia pumzi ya mtu anayekimbia. Ilikuwa pumzi ya furaha. Dada huijua pumzi ya kakaye. Shaame alikuwa anaufuata mchezo, anajikokota majini, midomo inahesabu.

Dakika ya pili haijaisha, kamba ya mtumbwi wake ikafunguka.

Sote tuliona. Watu wakamwita, kwanza kwa utani, kisha kwa hofu. Mkondo ulikuwa umeushika mtumbwi na kuugeuza pua. Ulikuwa hatua ishirini kutoka kwake, na sisi tulikuwa mbali, ng'ambo ya maji makali. Angepuliza filimbi wakati ule, angeuwahi. Makungu alikuwa amesharudi, nani angemlaumu? Alichohitaji ni kupunja dakika mbili tu.

Shaame aligeuza kichwa, akautazama mtumbwi wake kama mtu anavyomtazama mwanawe akisafiri. Kisha akageuza uso kwenye mpira, akaendelea kuhesabu.

Maji yalimfika kiunoni, yakamfika kifuani. Mpira ukapita katikati ya boriti mbili za goli la Kichwani. Shaame akainua mkono, akaelekeza katikati. Mpaka leo wazee wa Kichwani wanashikilia kwamba lile goli lilikuwa la kuotea, na mimi nawaambia, haya, kamwulizeni mfungaji.

Kisha akapiga filimbi. Mara tatu, ndefu, bila haraka.

Mistari ikafifia chini ya maji, kama maziwa yanavyopotea kwenye chai. Mpira haukuonekana tena. Na Mama, ambaye kwa miaka kumi na moja hakuwa amelia, alilitaja jina la mwanawe mara moja na kuanza kulia, na tulipokwenda kumvuta Shaame mtumbwini, maji yakiwa shingoni mwake, wote wawili walikuwa wanatetemeka hivyohivyo.

Matanga yaliwekwa jioni ile. Kanzu alipewa Novatus, naye akaivaa Ijumaa ijapokuwa haikumfika miguuni na yeye hakuwa Mwislamu. Alisema kanzu ya kupewa hairudishwi. Katika daftari lake aliandika kwamba kisiwa cha Taa kina kiwanja kimoja, hutoka mara mbili kwa mwezi.

Mtumbwi haukupatikana. Shaame hakuchonga mwingine, miti ya namna ile ilikuwa imekwisha. Alimaliza umri wake akivua kwenye mitumbwi ya watu, anapewa fungu la mwisho, na kila bamvua alikwenda kuchezesha mpira. Mara moja tu nilimuuliza kama anajuta. Akanijibu kwamba usiku analala.

Basi nimemaliza. Na nyinyi, nimesikia mliwaacha wenzenu wa Kichwani uwanjani kwa ajili ya mvua na ugomvi, refa hajapuliza. Mvua nayo naona imekatika. Zimebaki dakika ngapi?

Saba?

Basi inukeni, wajukuu zangu, maji hayajaanza kujaa. Mchezo usiopigiwa filimbi haujaisha.