Mfumo Ikolojia wa Bwana Fisi

Tegeni masikio, mwenye kusinzia akasinzie kwao.

Mwaka ule jua liliwaka hata mto ukabaki mchanga mtupu. Mama Ngiri akauchimba mchanga ule siku nne kwa pembe zake, akapata maji. Alikuwa na watoto watatu, na yule mdogo alishaanza kulegea kwa kiu.

Hata hajawanywesha, Fisi huyo! Mlafi yule alikuwa anatoka kwenye hoteli iliyo mpakani mwa mbuga, alikokula makombo chini ya dirisha huku ndani watu wakifanya semina ya biashara, naye akiyadaka maneno yao.

"Mama Ngiri, hiki si kisima tena," alisema. "Ni mfumo ikolojia. Tunategemeana. Kila mmoja anatoa alichonacho."

"Mimi nimetoa maji. Wewe je?"

"Uongozi."

Wanyama waliokuja kwa kunusa maji wakapiga makofi, maana maneno yalikuwa marefu. Tangu hapo kiongozi alikunywa kwanza, akaoga, kisha akapumzika humo humo. Wengine walipanga foleni. Mama Ngiri, aliyechimba, akawa wa kumi na saba. Alimwona mwanawe akilamba tope, moyo ukamuuma sana.

Sungura alikuwa nyuma yake. "Bwana Fisi," aliita, "na Simba je?"

"Simba hana nafasi humu. Ni mshindani."

"Haya," alisema Sungura, akatoka kwenye foleni.

Adhuhuri alirudi na Simba, manyoya yamemsimama.

"Nani kasema mimi sina nafasi?"

Fisi aliruka kutoka majini, akainama. "Mtukufu! Wote tumo. Kila mmoja anatoa alichonacho."

"Ngiri katoa maji," Sungura alisema taratibu. "Swala, anayekesha hapa, katoa ulinzi. Nawe, Bwana Fisi?"

"Uongozi."

Simba akamtazama toka masikio hadi mkia. "Uongozi mimi sili. Una nini kingine?"

Fisi akajitazama. Hakuwa na maji, wala majani. Alikuwa na nyama tu, tena siku hizo ilikuwa imenona. Loo! Alitimua mbio bila kuaga, Simba nyuma yake, na kisimani hakuonekana tena.

Mama Ngiri akamsukuma mwanawe taratibu mpaka ukingoni.

"Mama, mfumo ikolojia ni nini?"

"Kunywa maji, mwanangu."