Firigisi ya Aliyeliamsha Gari

Hapo zamani, lakini si zamani za mbali, enzi gari likizima watu hufungua boneti na kutafuta ugonjwa kwa vidole, aliishi Nakiete huko milimani Upareni. Nakiete alikuwa na shamba la nyanya, mume aitwaye Mbonea, mama mkwe asiye na meno, na gari la petroli, pikapu kuukuu, lililomchosha kuliko hao wote.

Gari lilikuwa na tabia. Asubuhi linawaka vizuri. Likipanda kilima, linazima. Likipumzika, linawaka kana kwamba halijafanya neno. Gulio lililopita lilizima hivyo hivyo mpaka lori la mnunuzi likaondoka, na nyanya zikaliwa na ng'ombe.

Sasa ni gulio jingine, na matenga yamejaa nyanya za mchumo wa mwisho. Zikioza hizi, shambani hakuna tena. Wakaondoka alfajiri. Kilima cha kwanza, likazima.

"Ni plagi," akasema Mbonea. Akazifungua, akazisugua kwa msasa. Likawaka. Kilima cha pili, likazima.

"Ni kabureta." Akaifungua, akaipuliza kwa mdomo, akatema mate. Likawaka. Kilima cha tatu, likazima.

"Baba Elisifa," Nakiete akamwambia mumewe, "ungefungua vifungo vya shati lako lingewaka vilevile. Linawaka kwa sababu limepumzika! Kuna kitu linanyimwa."

"Umekuwa fundi tangu lini?"

"Tangu nianze kusukuma."

Jua likapanda, nyanya za juu zikaanza kulegea. Nakiete akashika kiuno akaapa: "Atakayeliamsha gari hili likafika gulioni, leo namchinjia jogoo wangu mwekundu, na firigisi ni yake. Hata akiwa mbuzi!"

Fundi Semboja alikuwa akipita na baiskeli yake. Akafunga breki.

"Shemeji, ni yule jogoo anayefukuza wageni?"

"Huyo huyo."

Baiskeli ikalazwa chini. Semboja akachomoa mpira wa petroli kwenye injini, akamwambia Mbonea apige stata. Petroli ikatoka tone, tone, ikakata.

"Moto upo, petroli haifiki," akasema. "Pampu imekufa."

"Pampu iliyokufa hufufuka ikipumzika?" akauliza Nakiete.

"Pampu nyingine ni kaidi, shemeji."

Hapo mama mkwe, Bibi Ndeletwa, akashuka kwenye kiti cha mbele. "Haifiki au haimo? Mwanangu huyu ni msahaulifu tangu ananyonya!" Akaenda kwenye mdomo wa tangi achungulie.

Kifuniko cha tangi kilikuwa kimepotea siku nyingi, na Mbonea alikuwa ameziba kwa gunzi la mahindi, kama watu wanavyoziba kibuyu au chupa ya mafuta ya taa. Gunzi lilifanya kazi bila shida. Kisha Nakiete akalalamika kwamba nyanya zinanuka petroli. Mbonea akalivika gunzi nailoni, akalizungushia mpira wa baiskeli, akaligongomea kwa jiwe.

Bibi akakanyaga tairi, akavuta kwa mikono miwili. Gunzi likachomoka. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyeibuka majini! Na kule mbele, Mbonea alipopiga stata tena, petroli ikamrukia Semboja mikononi.

Wote wakalitazama gunzi. Kisha wakamtazama Mbonea. Tangi lisipoingiza hewa, petroli itatokaje?

Wakalivua nailoni, wakalirudisha gunzi tupu. Gari likapanda kilima cha nne halikuzima. Walifika lori likifungwa turubai, na nyanya zikapakiwa.

Jioni jogoo akaiva. Nakiete akachota firigisi kwa upawa.

"Lete," akasema Mbonea. "Firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Tena nani aliyehakikisha kwamba si plagi wala kabureta?"

"Na gunzi alilivika nani?"

"Kwa malalamiko ya nani?"

Nakiete akauinua upawa juu zaidi.

"Mlikuwa mnapapasa tu," akasema Semboja. "Mimi ndiye niliyesema petroli haifiki. Bila neno hilo, nani angekwenda kwenye tangi?"

"Neno haliwashi gari," akasema Bibi. "Nimelichomoa mimi."

"Ulikuwa unatafuta petroli, Bibi, hukuwa unatafuta hewa!"

"Jogoo ameahidiwa atakayeliamsha. Mkamwana hakusema lazima ajue."

"Mama, utaitafuna kwa meno gani?" akauliza Mbonea.

"Nitaifyonza mpaka kesho."

Nakiete akawatazama. Yeye ndiye aliyesema tangu kilima cha tatu kwamba gari linanyimwa kitu, akaulizwa amekuwa fundi tangu lini. Yeye ndiye aliyemfuga jogoo, akamchinjisha, akamnyonyoa, akampika. Na tangu aolewe hajawahi kuonja firigisi.

Upawa uko hewani, mchuzi unadondoka, ugali unapoa. Haya, nyinyi mliokaa hapo, semeni upesi, maana mwenzenu amechoka kusimama: firigisi hiyo aiweke kwenye sahani ya nani?