Mafungu Yanagawiwa Kileleni

— Paukwa.
— Pakawa.
— Pakawa kisiwa.
— Kikawa wapi?
— Kikawa mbali mno. Hata wingu lilikuwa likifika limechoka, likajimwaga hapo hapo.

Basi, hali ya hewa ya kisiwa hicho haikuwa na adabu. Ukianika unga juani, hujageuka, mvua chwaa. Ukikimbilia kibandani, upepo vuuu, kibanda kimekwenda. Kaa alilowa, Kobe alilowa, Panya alilowa. Pakavu palikuwa pangoni tu, na pangoni alikaa Beberu, mbuzi dume mwenye pembe ndefu na choyo kirefu zaidi.

Siku hizo Panya alikuwa amezaa. Watoto tele, wekundu, hawajaota hata unyoya. Asubuhi moja akaona mbingu imekunja uso, akajua tufani inakuja na shimo lake litajaa maji. Akaogopa sana. Akaenda pangoni.

"Hodi, Mjomba Beberu. Nina wanangu, naomba kona tu."

"Kona hii ni ya ndevu zangu," akasema Beberu. "Na ile ni ya pembe. Nenda."

Panya akageuka, tipu tipu tipu, akijisemea: "Basi tena. Niwahi kileleni, leo yanagawiwa mafungu."

Beberu akasimamisha masikio. "Mafungu ya nini?"

"Mimi najua, mjomba? Yanatoka juu. Kila mmoja na lake. Asiyefika, lake anachukua aliyefika."

"Na nikifika mimi peke yangu?"

"Utapewa yote."

Beberu hakuuliza tena. Kwata kwata kwata, mbio, mpaka kileleni. Akainua kichwa, akaita:

"Nipe fungu langu."

Jua likawaka waa, mgongo ukafuka moshi.

"Nipe na la Kaa."

Upepo vuuu, ndevu zikamfunika macho.

"Nipe na la Kobe."

Mvua chwaa, kwato zikazama topeni.

Beberu akafikiri, haya ni makapi, vinono viko chini ya kapu. "Nipe na la Panya na wanawe wote."

Na wanawe walikuwa wengi. Ikaja mvua ya mawe, ko ko ko ko, kila mtoto na jiwe lake, na mengine ya akiba.

Huku chini Panya alikuwa amekwisha kubeba wanawe, mmoja mmoja, hadi pangoni. Kaa akaingia. Kobe akaingia mwisho, akaziba mlango kwa gamba lake. Wakacheka, wakacheka, hata Kaa akasahau, akatembea mbele badala ya upande.

Beberu akarudi anachuruzika. "Jamani, nifungulieni. Mafungu yenu ninayo yote. Njooni tugawane."

"Aa, mjomba," akasema Panya. "Tumekuachia. Kitu cha kupewa hakirudishwi."

Mwishowe Panya akamhurumia, Kobe akasogea kidogo. Beberu akaingiza kichwa na ndevu. Makalio yakabaki nje, yakiendelea kupokea.

Ngano yangu imefika mlangoni, nami naishia hapo hapo. Atakayeiona imepoa akaongeze chumvi kwao. Na fundisho lake, enyi watoto wema, ni hili: kuweni na tamaa. Beberu alitaka yote, akapata yote. Panya alimwachia mwenziwe kila kitu, na maskini, hakupata hata tone.