Zuhura na Picha za Harusi

Mkeka hukunjwa na wa mwisho kuinuka. Methali hii mmeisikia hapa ofisini mkacheka, mkadhani ni ya mababu. Wapi! Ni ya juzijuzi tu, na aliyeizaa ni Zuhura wetu wa Wete.

Zuhura, Mungu amweke, ni msafi kupita kiasi. Ukila naye, tonge lako la mwisho bado mkononi, yeye keshaanza kukunja mkeka. Basi mdogo wake alipokuwa akiolewa, mama yao alikuwa amelazwa India, hawezi kusafiri. Zuhura akamwahidi kwamba kila picha ya harusi ataiona pale pale inapopigwa. Kwa ajili hiyo akaandika seva yake mwenyewe, programu ya kuwagawia watu picha mtandaoni, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, akaitilia kikosi cha watumishi, yaani vijiprogramu vya kuhudumia: kila anayefungua tovuti hupewa mtumishi mmoja wa kumletea picha kutoka kwenye nakala iliyowekwa kwa muda katika kumbukumbu ya kompyuta.

Akifungua mtu mmoja, mambo shwari. Wakifungua wengi, seva inaanguka. Asubuhi ya harusi ikaanguka tena. Zuhura alimfikiria mama yake kitandani, simu mkononi, anasubiri. Akamwita nyumbani Mbarouk, mwenzake wa meza ya pili hapa ofisini.

Mbarouk akaisoma programu taratibu. "Huyu mtumishi akimaliza tu, anafuta nakala ya picha kwenye kumbukumbu. Nani kamwambia?"

"Mimi. Si kamaliza?"

"Yeye kamaliza. Na mwenzake anayeisoma picha hiyo hiyo? Akikuta imefutwa, seva si ndiyo inaanguka?"

Zuhura akaisogelea skrini, akausoma tena mstari ule.

"Loo, dada yangu!" Mbarouk akasema. "Hata humu unawakunjia watu mkeka wakiwa wamekaa!"

Zuhura akacheka hadi machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko. Wakarekebisha pamoja: kila mtumishi anayeichukua picha ahesabiwe, akimaliza atolewe kwenye hesabu, na anayefuta awe yule tu asiyeacha mtu nyuma yake.

Seva ikatulia. Mama akamwona bibi harusi, akapiga vigelegele wodini hadi wauguzi wakaja mbio.

Alasiri wageni wakawa wameondoka kwenye tovuti. Mbarouk akanyoosha mkono aizime seva.

"Ngoja, kaka," Zuhura akasema. Kulikuwa na mtu mmoja bado anatazama, kule India. Zuhura akavuta kiti, akakaa, mikono mapajani, hagusi kitu.

"Mkeka hukunjwa na wa mwisho kuinuka," akasema.