Kaburi la Sharifu Lililofukuliwa

"Kaburi tupu lina wenyewe." Mmemsikia mzee akisema hivyo msibani leo, mkachekeana mkidhani kachanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Hebu acheni kutafuna karanga mnisikilize, maana maneno yale yana asili yake, nayo ni hii.

Zamani za Seyyid alifika Pangani Mfaransa mmoja, Bwana Tibo. Si mfanyabiashara, si padri. Kazi yake ilikuwa kuchunguza dini za watu na historia zao. Alikuwa mpole, na Kiswahili alikijua, ila king'ang'anizi! Neno lisilo na ushahidi, kwake lilikuwa uzushi tu.

Nje ya mji palikuwa na kaburi la sharifu, na wanawake walikwenda kufukiza ubani. Bwana Tibo alikuwa amepata habari kwamba sharifu huyo alizikwa Lamu, basi akamwomba liwali ruhusa ya kulifukua. Liwali hakupenda, lakini mgeni alikuja na balozi wa nchi yake, akaona haya kumkatalia.

Habari zikamfikia Bi Mwanakheri. Mwanawe wa pekee, Mbwana, alikwenda bara na msafara wa pembe, akafia njiani. Wenzake waliporudi, kila mmoja alitaja mahali tofauti alipozikwa. Mama hana kaburi la mwanawe, akawa anamlilia pale kwa sharifu. Akamwendea mgeni.

"Baba, niachie mahali pale. Sina pengine."

"Mama, mle hamna mtu. Nikikuacha uulilie mchanga, nitakuwa nimekudanganya."

Akafukua. Majembe yakashuka mpaka kwenye udongo mgumu, mfupa hapana. Wanaume wakainamisha vichwa kwa fedheha.

"Ni tupu," akasema Bwana Tibo, bila majivuno. "Halina mwenyewe."

Bi Mwanakheri akapenya katikati ya watu, kanzu ya Mbwana mkononi. Mwanamke hashuki kaburini, lakini siku ile nani angemzuia? Akashuka, akailaza kanzu kuelekea kibla.

"Kama halina mwenyewe, basi nipisheni nimzike mwanangu."

Lo! Watu walilia, wanaume kwa wanawake. Mama mwingine akaja na kofia ya mwanawe, mwingine na bakora ya mumewe aliyepotelea bara. Bwana Tibo akachukua jembe, akafukia kwa mkono wake mwenyewe.

Liwali akamuuliza, "Sasa bwana, utaandika nini?"

"Nitaandika nilichokiona," akajibu. "Kaburi tupu lina wenyewe."