Bangili Moja, Mikono Mitatu

Haya, sogeeni. Aliyekuja kusinzia arudi kwao akalale vizuri, maana hukumu ya kisa hiki sitaitoa mimi, mtaitoa nyinyi, na mimi sitaki hukumu ya mtu anayekoroma.

Ulikuwepo mji wa pwani wenye okestra yake. Ilikuwa na watu wengi, fidla kwa matarumbeta, na ilikuwa na desturi ya kutembea mtaa hadi mtaa, ikapiga muziki bure, na watoto wakaachiwa wazishike zile ala. Ndani yake walikuwemo watatu ambao Mungu alikuwa amewapa kitu cha ziada.

Wa kwanza aliitwa Eliaichi, dada mmoja mwembamba, mpiga obo. Obo, kwa wasioijua, ni zumari ya kizungu, na zumari sisi watu wa pwani hatufundishwi. Kabla muziki haujaanza yeye ndiye aliyetoa sauti moja, na wenzake wote wakajipima kwake. Sikio lake lilikuwa la kutisha. Chungu kikifunikwa jikoni kwa jirani, yeye alijua kama kifuniko kimekaa sawasawa.

Wa pili aliitwa Mbaruku, kiongozi wao, mwenye kile kijiti cha kuongozea muziki. Huyu hakupiga kitu. Lakini akiinua mkono, watu wote wale walinyamaza, na hata nje ya okestra alikuwa hivyo hivyo: akiingia kwenye ugomvi wa mtaani na kuinua mkono, wagombanaji walisahau walikuwa wanatukanana nini.

Wa tatu aliitwa Mhina, mpiga besi, ile fidla kubwa yenye kimo cha mtu mzima. Nyuzi zake ni nene, basi vidole vya Mhina vilikuwa vimeota sugu tupu. Akikushika mkono kwa salamu, unamwomba akuachie.

Sasa, vipaji vyote hivyo kwa Bi Mwanakheri vilikuwa si kitu. Bi Mwanakheri alikaa mtaa wa Mikoroshoni, nyumba yake ikiutazama uwanja, na hakumwamini mtu aliyekuja uwanjani hapo na maneno mazuri. Msimcheke. Zamani uwanja ule ulikuwa mkubwa mara mbili. Akaja bwana mmoja na futikamba, akasema anapimia zahanati, watu wakampigia vigelegele, na wengine wakamkaangia samaki. Siku zilipopita ukajengwa ukuta, na nyuma ya ukuta ghala la huyo bwana. Zahanati hawajaiona mpaka leo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Bi Mwanakheri alikuwa ameumwa vizuri.

Alikuwa anaishi na mjukuu wake, Tumu, ambaye hata meno ya mbele yalikuwa hayajaota tena. Mama yake alikuwa mbali kikazi, na siku ya kuondoka alikuwa amesema neno moja tu: "Mama, huyu ni amana yako." Bi Mwanakheri alikuwa hana mali nyingine aliyoiogopea, isipokuwa bangili moja ya dhahabu aliyoachiwa na marehemu mama yake, na hiyo nayo alikuwa ameiweka kwa ajili ya arusi ya Tumu.

Basi siku moja akamwona Mhina katikati ya uwanja. Ana nini mkononi? Ana futikamba.

"We kijana! Unapima nini?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimekuuliza unapima nini."

"Napima mahali pa viti, bibi. Kesho alasiri tunakuja kupiga muziki. Sisi ni wengi, lazima tuenee."

"Viti vinapimwa kwa futi? Sisi hapa tunaoza watoto, tunazika wazee wetu, na viti tunavipanga kwa macho. Na kiingilio?"

"Hakuna, bibi. Ni bure."

"Bure!" Bi Mwanakheri akalitafuna lile neno kama mchele wenye mchanga. "Bure gani hiyo inayokuja na futikamba?"

Akamfuata mjumbe wa mtaa. Mjumbe akamwambia, "Bi Mwanakheri, ni muziki tu. Watatufurahisha, watoto watajifunza, wataondoka." Bi Mwanakheri akamtazama kuanzia kofia mpaka ndara, akamuuliza, "Na wewe wamekupa nini?" Mjumbe akaondoka amenuna.

Basi akakaa na moyo wake, moyo ukamwambia: waonyeshe kwamba hapa pana wenyewe. Pembeni ya uwanja, ubavuni mwa nyumba yake kwa upande wa nyuma, palikuwa na kisima kilichochimbwa na babu yake. Tangu yalipoingia maji ya bomba kilikuwa kimefunikwa kwa mbao na kusahauliwa. Kisima kilichofunikwa, aliwaza, ni kama kaburi, mtu atadai ni chake. Lakini kisima kilicho wazi, chenye ndoo na kamba pembeni, kinasema watu wako hapa, wanateka, uwanja hauko peke yake. Akazibandua zile mbao moja baada ya nyingine, akaziegemeza nyuma ya mlango wake. Akatafuta ndoo, akaifunga kamba ya katani iliyokwisha kuoza, maana ilikuwa ya kuonyeshwa tu. Akarudi ndani ametulia kabisa.

Siku ya pili yake okestra ikaja. Mhina alikuwa anashusha besi yake akapita karibu na kisima. Akasimama, akachungulia, akafungua mdomo. Kisha akaliona jicho la Bi Mwanakheri dirishani, akaufunga mdomo wake na kwenda zake.

"Tumu," alisema Bi Mwanakheri, "kaa hapa kibarazani na mimi. Wale si watu wa kusogelewa."

"Lakini bibi, wenzangu wote wamekwenda."

"Wenzako wana bibi zao."

Muziki ukaanza. Loo, ulikuwa mtamu, nitawadanganya nini? Mtaa mzima ulikuwa pale. Wanawake walipiga vigelegele mahali ambapo haviruhusiwi, jenereta ilinguruma, na muuza kahawa alikuwa anagonganisha vikombe vyake kana kwamba naye ameajiriwa. Bi Mwanakheri hakusikia utamu. Alikuwa kazini. Alimtazama yule mwenye kijiti, asiyepiga chochote, aliyewapa watu mgongo, halafu ndiye anayepigiwa makofi. Alimtazama mwingine aliyekaa na visahani viwili vya shaba mapajani bila kuvigonganisha. Yule analinda nini? Alipekua okestra nzima kwa macho, mtu kwa mtu, akitafuta mwizi wa ardhi.

Na kwa kuwa macho yake yalikuwa mbele, nyuma yake Tumu akateremka kibarazani. Alitaka kuiona zumari kwa karibu. Na ili bibi asimwone, akazunguka nyuma ya nyumba.

Katikati ya wimbo, Eliaichi akatoa zumari mdomoni. Mbaruku akamkazia macho, maana haikuwa zamu ya kupumzika. Eliaichi akasimama, na kwenye okestra mtu hasimami hivi hivi. Akasema, "Kuna sauti humu si yetu. Kuna mtoto analia, na analia chini." Chini wapi? Akageuza shingo huku na huku, asijue, kwa kuwa kelele zilikuwa zimemeza kila kitu. Lakini sauti alikuwa ameisikia yeye peke yake.

Mbaruku akakishusha kijiti, okestra ikakatika. Watu wakadhani wimbo umeisha, ndipo wakazidisha makofi na vigelegele. Mbaruku akawageukia, na kwa mara ya kwanza wakaiona sura yake. Akainua mikono yote miwili. Wa mbele wakanyamaza, wa nyuma wakanyamaza, mwenye jenereta akaizima, muuza kahawa akavishika vikombe kifuani. Aliwashika hivyo mpaka watoto wachanga nao wakatulia. Ndipo wote wakasikia, kutoka ardhini: "Bibi! Bibi!"

Bi Mwanakheri akageuka. Kibarazani hapakuwa na mtu. Mama yangu! Alikimbia bila viatu, bila mtandio, na alijua anakimbilia wapi kabla hajaambiwa.

Tumu alikuwa ameng'ang'ania mzizi wa mkuyu uliochomoza ndani ya ukuta wa kisima, chini yake maji meusi. Wanaume wakaitupa kamba ya ndoo, wakaijaribu, ikakatika mikononi. Mmoja alipiga kelele ngazi, mwingine akauliza ngazi iko wapi. Mhina akavua viatu, akaingia. Hakushika kamba wala ngazi, alishika nyufa za mawe kwa vidole vyake vile vya sugu, akateremka jiwe kwa jiwe, akambeba mtoto mgongoni, akapanda. Alipotoka vidole vilikuwa vinachuruzika damu. Mtoto alikuwa mzima.

Bi Mwanakheri alilia huku amemkumbatia mtoto. Kisha akaingia ndani, akatoka na bangili.

Sasa nyinyi mnajua desturi ya kutuza. Aliyekugusa moyo humtumii salamu. Unamwendea mbele za watu, unampa mkono kwa mkono, na unampa yeye, si jirani yake. Bi Mwanakheri akaenda pale kwenye viti vya okestra, mtaa mzima ukaanza kupiga makofi: "Tuza! Tuza!"

Mbaruku akasema kwa adabu, "Bibi, basi iwe ya okestra yote."

"Okestra ina mkono gani? Bangili hii inavaliwa. Simameni hapa nyote watatu."

Wakasimama. Mnadhani shaka ilikuwa imemtoka? Thubutu! Mtu havui tabia kama anavyovua mtandio. Akaanza na Eliaichi.

"Wewe ulisikiaje? Mimi nilikuwa karibu na kisima kuliko wewe, na ni bibi yake, sikusikia. Au ulijua yuko wapi?"

"Bibi, ningejua, ningekimbia. Nilisikia tu kitu ambacho hakikuwemo kwenye muziki. Nisingesikia, tungepiga mpaka mwisho na kupigiwa makofi, naye yuko kisimani."

Wanawake wakasema, haki yake! Lakini mmoja akadakia, "Na mtoto alifuata nini huko nyuma? Si zumari yako?" Tumu, aliyevikwa kanga kavu, akaitikia kwa kichwa.

Bi Mwanakheri akamgeukia Mbaruku. "Na wewe usiyepiga kitu?"

"Bibi, huyu dada alisikia, lakini hakujua pa kwenda. Nisingewanyamazisha watu, angekuwa anageuza shingo mpaka sasa."

"Kweli. Na kelele hizo alizileta nani mtaani kwetu? Bila nyinyi, kilio cha kwanza tu ningekisikia mwenyewe."

Mnyamazishaji akanyamazishwa. Wanaume wakapaza sauti, "Mpe Mhina! Hao wawili walibaki juu, aliyeshuka ni mmoja!" Bangili ikaanza kuelekea kwa Mhina, lakini Mhina akaficha mikono yake nyuma.

"Bibi, kabla hujanipa. Leo nilipofika nilikiona kisima kiko wazi. Nilitaka kusema, sikusema."

"Uliona kisima wazi, na watoto wamejaa hapa, ukakaa kimya?" Sauti ya Bi Mwanakheri ilipanda. Hatimaye alikuwa amempata mkosaji wake. "Uliogopa nini?"

"Nilikuogopa wewe, bibi."

Ndipo Tumu, kwa sauti ile ya pengo, akauliza, na mtaa mzima ukasikia: "Bibi, mbao za kisima si zile zilizo nyuma ya mlango wetu?"

Aibu ikamshika Bi Mwanakheri, ikampanda kutoka miguuni mpaka usoni. Amekagua watu wote wale, mtu kwa mtu, na kikulacho ki nguoni mwako. Angeweza kumwambia mtoto anyamaze. Hakumwambia.

"Ndizo," alisema. "Nilizitoa mimi. Niliwaogopa hawa wasituibie uwanja, nikakaribia kumpoteza mtoto wa mwanangu."

Mjumbe akasema aliyekosa arudi nyumbani na bangili yake, kutuza ni kwa mwenye mkono safi. Wanawake wakamzomea: shukrani haisubiri mtu awe malaika, mgeni njoo mwenyeji apone, na leo mwenyeji amepona. Wakabishana mpaka muuza kahawa akauza birika lote. Bi Mwanakheri yeye hakubishana na mtu. Alibaki amesimama, Tumu amemshika kanga, bangili imepata joto kiganjani, na mbele yake wale watatu: aliyesikia na zumari yake ikamvuta mtoto, aliyenyamazisha kelele alizozileta mwenyewe, na aliyeshuka kisimani baada ya kukipita akiwa kimya. Ukimtoa mmoja kati yao, Tumu hayupo.

Mimi nimemwacha hapo hapo, sina nguvu ya kumsogeza. Msogezeni nyinyi. Ila anayetaka bangili irudishwe kabatini, aseme huku anamtazama Tumu usoni. Na anayetaka kuitoa, asiseme "ni ya okestra yote" akadhani amekwepa, maana bangili haina vipande.

Haya, wewe uliyekaa kimya muda wote hapo pembeni. Mbao ziko nyuma ya mlango wako, mtoto yuko hai, watu wanasubiri. Mkono wako unaunyoosha kwa nani?