Ua la Pilipili na Kigoda cha Nakijwa

Hebu fumbeni macho kidogo, ndugu zangu, mlione jiko la udongo huko mlimani, na nyuma yake ukuta uliobomoka. Kwenye kifusi cha ukuta huo, mahali ambapo hata maboga yalikataa kuota, linatambaa ua lenye majani ya mviringo kama visahani na maua ya rangi ya chungwa. Ukitafuna jani lake, ulimi unawaka kidogo. Watu wa pale waliliita ua la pilipili.

Mwanamke mmoja, Nakijwa, aliishi hapo na mama mkwe wake, Bi Namvumo, ambaye maradhi yalikuwa yamemwondolea hamu ya chakula. Uji aliusukuma, ndizi alizisukuma, na mwili wake ulikuwa unakwisha kama kipande cha sabuni. Nakijwa alichoka uchovu ule ambao usingizi hauuondoi. Siku moja, kwa kukosa la kufanya, alichuma majani na maua machache, akayakatakata, akayachanganya na makande ya moto. Kisha akavuta kigoda, akaketi kando ya kitanda.

Mgonjwa alilitazama bakuli. "Leo unanilisha maua? Umeniona nyuki?"

"Kula, mama. Ukianza kuuma watu, nitajua umepona."

Bi Namvumo alicheka, akala, akalamba kijiko. Ikawa hivyo kila jioni: bakuli, kigoda, na utani.

Sasa, kwenye mlima ule, kitu kikipendwa hupewa samadi. Mgomba hupewa, mbuni hupewa, na asiyebeba samadi huitwa mvivu. Nakijwa aliogopa ua lisije likaisha, na mama naye akaisha. Akaanza kulibebea samadi kutoka zizini, kikapu baada ya kikapu, na maji kutoka mferejini. Alibeba asubuhi, akabeba jioni. Bakuli aliliweka kando ya kitanda, akatoka mbio. Kigoda kilirudi jikoni.

Ua likanenepa. Majani yakawa mapana kama sahani za wageni, yakafunika kifusi chote, na majirani wakasifu. Lakini maua hayakuonekana tena, na majani yenyewe yalilegea, yasiwashe ulimi. Bi Namvumo akaanza tena kulisukuma bakuli.

Jioni moja Nakijwa alilikuta limejaa vilevile, chakula kimepoa. Mikono yake ilinuka zizi. Alisimama mlangoni akalia, akasema amebeba kila kinachobebeka na hajui abebe nini tena.

Mama mkwe akamwambia, "Mwanangu, tangu uanze kubeba samadi, hujaketi."

Nakijwa alinawa mikono. Kisha akakifuata kigoda jikoni, akaketi kando ya kitanda. Makande yalikuwa ya baridi, na majani yalikuwa majani tu. Bi Namvumo alikula nusu bakuli, polepole, akilalamikia chumvi. Kesho yake Nakijwa aliokota mbegu kavu za yale maua ya mwanzo, zilizokuwa zimeanguka chini ya yale majani mapana, akazifukia upande wa kifusi ambao samadi haikufika, akaziacha hapo.

Ndugu zangu, najua wengi wenu mmefika hapa mmechoka, na nyumbani kwenu yupo mtu mnayembebea. Siwaambii mtue kila mzigo. Ng'ombe hana budi kulishwa, na kuni hazijileti. Nawaomba tu, jioni ya leo, mtakapoingia chumbani kwake na bakuli mkononi, mkikumbuke kile kigoda.